Sura ya Tano: Majina Yasiyoitikiwa

Mji mdogo wa Mutshatsha, makao makuu ya teritwari ichukuayo jina lake katika jimbo la Lualaba, umekaa zaidi ya kilomita 100 magharibi ya Kolwezi, juu ya reli ile itokayo Tenke kwenda Dilolo mpakani mwa Angola, ambayo mwaka 1931 iliungana na reli ya Benguela ili shaba ya Katanga ipate njia fupi ya kuifikia Bahari ya Atlantiki. Habari kubwa za dunia zimezoea kuufikia mji huu ama kwa garimoshi ama kwa mtutu wa bunduki. Habari ya korona ilikuja kwa redio. Mgonjwa wa kwanza wa nchi alithibitishwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 18 Rais Félix Tshisekedi alilihutubia taifa. Na kulipokucha, siku ya Alhamisi, shule zote za Kongo, zile za mji mkuu zenye maabara na kompyuta pamoja na zile za vijijini ambazo kuta zake ni matofali mabichi, zilikuwa zimefungwa kwa amri moja. Haikupita juma ikatangazwa hali ya dharura. Serikali ilikuwa imesema wiki nne. Wanafunzi walio wengi hawakuuona ubao tena mpaka mwezi wa Oktoba.

Sura hii haikusudii kueleza maradhi yenyewe, ambayo kwa rehema ya Mungu hayakuwa makali sana kwa watoto, na ambayo katika nchi iliyokuwa imetoka kuzika watu zaidi ya 6,000 kwa surua, wengi wao wakiwa hawajatimiza miaka mitano, yalionekana kwa wazazi wengine kama fitina ya watu wa ndege na mahoteli. Inakusudia kueleza fadhaa iliyowapata wanafunzi pale mlango wa shule ulipofungwa, na habari za watu ambao wajibu wao ni kuitambua fadhaa hiyo na kuituliza, yaani wanasihi wa shule, wawe wameandikwa kazi hiyo kwa barua ya serikali au wawe wameibeba tu kwa sababu hapakuwa na mwingine. Tena naweka wazi tangu mwanzo dai nitakalolitetea: kwamba katika mahali kama Mutshatsha kazi ya mnasihi haianzi kwenye kiti cha faragha, ambako mtoto mwenye jitimai anatazamiwa aje mwenyewe kueleza moyo wake, bali inaanza kwenye daftari la majina, asubuhi, pale jina linapoitwa na lisiitikiwe.

Kwanza yapasa tumjue mshauri wa shule ni nani katika nchi ya shaba, maana cheo hicho kina historia yake na historia hiyo haikuanza kwa huruma. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoasisiwa mwaka 1906, ilijenga kambi za wafanyakazi, ikawapa posho, zahanati na kanisa, ikawasomesha watoto wao kwa mikono ya wamisheni, kwa sababu ilikwisha piga hesabu na kuona kwamba mfanyakazi mwenye mke na watoto hatoroki. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa saikolojia waliletwa kuwapima Waafrika, na mmoja wao, André Ombredane, alitunga kwa ajili ya Wakongo jaribio la picha, mtu aonyeshwe picha naye asimulie kisa, ili kwa kisa hicho ijulikane tabia yake. Kupima huku kulikuwa na mwelekeo: nani anafaa mashine, nani anafaa karani, nani arudishwe kijijini. Elimu ya nafsi, basi, ilipoingia Katanga iliingia kwa mlango wa ofisi ya ajira.

Baada ya uhuru, miaka miwili ya kwanza ya shule ya sekondari ilipangwa kuwa miaka ya mwelekeo, ili mwanafunzi aangaliwe uwezo wake kabla ya kupelekwa katika ualimu, au biashara, au biolojia na kemia, au ufundi; na mshauri wa mwelekeo, pale alipokuwapo, akawa mtu wa kazi hiyo. Mtoto aliitwa mbele yake, alama zake za hesabu na Kifaransa zikatazamwa, ikaandikwa sehemu aendayo, na shauri likaisha. Siwadharau watu hao, kwani wengi walikuwa wasomi wenye murua, na baadhi walitoka katika kitivo cha saikolojia na elimu cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakiwa wamesoma mambo mengi zaidi ya yale waliyoruhusiwa kuyatenda. Nasema tu kwamba kiti walichokalishwa kilitengenezwa kwa ajili ya kupanga watu, na mtu aliyekizoea kiti hicho hawezi kwa siku moja kugeuka kuwa msikilizaji. Zaidi ya hayo, shule nyingi za teritwari hazina hata mshauri huyo. Zina prefe wa masomo, ambaye mzigo wake ni hesabu na wakaguzi, na zina direkta wa nidhamu, ambaye mtoto akiitwa kwake hujua kwamba ametenda kosa.

Kwa hiyo, shida zilipowafika watu wa Mutshatsha na Kolwezi, nao hawakukosa shida, hazikupokelewa na mshauri. Machi 1977 mji wa Mutshatsha uliangukia mikononi mwa wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC waliovuka kutoka Angola, na haukurudi katika himaya ya serikali mpaka mwezi uliofuata, kwa msaada wa askari wa Moroko. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, wapiganaji hao hao waliishika Kolwezi yenyewe, na yaliyotendeka humo kabla na baada ya kushuka kwa miavuli ya Wafaransa yamo bado katika vifua vya wazee ambao wakati huo walikuwa watoto wa shule. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka na Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi Union Minière, ikaanza kufa; mwaka 1992 na 1993 familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, zikalala kwa majuma katika vituo vya reli; na mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliagwa kwa fungu moja la fedha, wakarudi nyumbani wakiwa si watu wa kampuni tena. Watoto wa nyumba hizo zote walikwenda shule asubuhi yake, kama shule ilikuwapo, wakaulizwa majedwali ya kuzidisha.

Ni nini, basi, kilichowashika watu wasipasuke? Kwa kadiri nionavyo, ni mambo manne: ukoo, kanisa, matanga, na shule yenyewe. Mtu aliyefiwa hakuachwa peke yake. Majirani walikuja, wakalala chini, wakapika, wakaimba mpaka alfajiri, na ghamu ikapata watu wa kuibeba. Sasa tazama yaliyotokea katika juma moja la Machi 2020. Amri ile ile iliyofunga shule ilifunga makanisa, ikakataza matanga majumbani na kumbini, ikaagiza kwamba maiti itoke chumba cha maiti iende moja kwa moja kaburini pamoja na watu wachache. Na safari zikabanwa, hata shangazi wa Kolwezi asiweze kumfikia ndugu yake aliyefiwa Mutshatsha. Amri hiyo ilikuwa na hoja za kitabibu ambazo sizikanushi. Walakini nguzo nne ziliondolewa kwa mara moja, na hapana aliyeulizwa ni kitu gani kingesimamishwa badala yake.

Juu ya hayo lilikuja jambo la machimbo. Kampuni kadhaa za Lualaba na Haut-Katanga, kwa kuhofia kusimama kwa kazi, ziliwaweka wafanyakazi wao ndani ya uzio wa mgodi, walale huko na wale huko, wasirudi nyumbani. Na Juni 2020 mashirika ya haki za binadamu ya Kongo na ya ng'ambo yaliziandikia kampuni hizo yakilalamika kwamba watu wamefungiwa kwa majuma na miezi, na kwamba wengine waliambiwa wachague, uzio au kupoteza kazi. Magazeti yaliitazama habari hii kwa jicho la haki ya mfanyakazi, na ni haki yake. Mimi naitazama kwa jicho la mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye baba yake yu hai, yuko mwendo wa saa moja kutoka nyumbani, sauti yake yasikika katika simu, na hata hivyo haji. Mtoto huyo hakufiwa, hivyo hapana aliyempa pole. Wakati huo huo bei ya shaba, ambayo Machi 2020 ilishuka chini ya dola 5,000 kwa tani, iliwapunguzia wachimbaji wa mkono kile kidogo walichokipata, na katika nyumba ambazo chakula cha jioni kilitegemea mfuko wa mawe uliouzwa mchana, mtoto aliyekaa bure bila shule alionekana kuwa mkono usiotumika. UNICEF mwaka 2014 ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika machimbo ya kusini ya Kongo. Shule ikifungwa, njia ya machimbo hubaki wazi.

Fadhaa ya mtoto haizungumzi kwa lugha ya vitabu. Ni mara chache mno mwanafunzi wa Lualaba kumwendea mwalimu akasema kwamba ana huzuni au wahka. Atasema tumbo linamuuma, au kichwa, na zahanati itampa dawa ya malaria. Wa kiume atakuwa mgomvi, wa kike atanyamaza; mdogo aliyekwisha acha kukojoa kitandani ataanza tena; hodari wa hesabu atalala usingizi darasani saa nne asubuhi. Mwalimu asiyefunzwa huona utovu wa adabu, na mwenye jukumu la utovu wa adabu ni direkta wa nidhamu, ambaye dawa yake yajulikana. Kuna hatari kubwa zaidi, ambayo msomaji wa mbali huenda asiifikirie: katika miji ya Kongo mtoto mwenye mwenendo wa ajabu, aotaye vibaya au ajizungumzishaye peke yake, hasa akiwa yatima anayelelewa na mke wa baba, hutuhumiwa uchawi, na maradhi au ukosefu wa kazi unapoingia nyumbani hutafutiwa sababu kwake. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza tuhuma hiyo, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaiwekea adhabu. Lakini sheria haikai sebuleni, mwalimu ndiye anayeweza kubisha hodi.

Hapa yafaa tuende mashariki kidogo, maana Kongo haikuwa jahili wa mambo haya, na yanishangaza kwamba nchi ilitafuta mifano ng'ambo ilhali mwalimu alikuwa nyumbani. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 hata tarehe 25 Juni 2020, Kivu ya Kaskazini na Ituri zilipigana na Ebola iliyowashika watu 3,470 na kuwaua zaidi ya 2,200. Mwanzoni wataalamu walikuja na magari ya misafara na mavazi ya kutisha, wakachukua wagonjwa na maiti, na watu wakawapiga mawe, wakachoma vituo. Tabibu mmoja wa Shirika la Afya Duniani aliuawa Butembo Aprili 2019. Katika mambo yaliyoanza kufungua njia, moja lilikuwa kazi ya mawakala wa kisaikolojia na kijamii, wengi wao vijana na akina mama wa pale pale Beni na Butembo, waliokwenda nyumba kwa nyumba wakisema Kiswahili na Kinande, wakieleza, wakisikiliza matusi mpaka yakaisha, wakiwaletea jamaa habari za mgonjwa wao. Huko Beni, karibu na kituo cha matibabu, palianzishwa kwa msaada wa UNICEF nyumba ya kulelea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Na walezi wake walikuwa watu waliopona Ebola wenyewe, ambao waliweza kumpakata mtoto bila hofu wakati kila mtu mwingine alimtazama kwa mbali.

Nimekawia katika mambo ya Beni kwa makusudi, maana ndani yake mna elimu nzima ya unasihi. Mlezi yule hakuwa na shahada. Alikuwa na mambo mawili: alikwisha pita katika shida ile ile, na alijulikana alipo. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011, unaifupisha kazi hiyo katika kutazama, kusikiliza na kuunganisha: utazame nani amedhurika, umsikilize pasipo kumlazimisha kusema, umuunganishe na jamaa, chakula, tabibu au sheria kadiri ya haja yake. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekabidhiwa mapambano ya Ebola Julai 2019, ndiye aliyekabidhiwa pia mapambano ya korona. Maarifa ya maabara, kwa hiyo, yalihama kutoka vita moja kwenda nyingine pamoja na jemadari wake. Maarifa ya wale akina mama wa Beni hayakuhamishwa kwenda katika shule za Lualaba, na hilo nalihesabu kuwa taksiri ya wapangaji, si ya umaskini, kwani kumpandisha mama mmoja wa Beni ndege akafundishe walimu wa Kolwezi kusingegharimu hata bei ya gari moja la msafara.

Majirani nao walijaribiwa. Kenya ina idara ya ushauri nasaha katika wizara ya elimu tangu mwaka 1971, na shule zake za sekondari zina mwalimu mwenye jina la mnasihi. Ila aghalabu mwalimu huyo ana vipindi vya kufundisha sawa na wenzake, na wanafunzi waliporudi madarasani, baadhi yao Oktoba 2020 na wote Januari 2021, mabweni kadhaa yalichomwa moto na wakubwa wengine wakadai fimbo irudishwe. Uganda, yenye desturi njema ya kumteua mwalimu mwandamizi wa kike na mwalimu mwandamizi wa kiume kwa mambo ya wasichana na wavulana, ilizifunga shule, kabisa au kwa sehemu, tangu Machi 2020 mpaka tarehe 10 Januari 2022, kufungwa ambako hakukuwa na mfano kwa urefu duniani. Na mwalimu mteule asiye na wanafunzi mbele yake ni cheo kitupu. Tanzania ilifungua mapema, Juni 2020. Kwa habari hizi chache nataka kuonyesha tu kwamba kuwa na jina la mnasihi katika orodha ya wizara ni jambo moja, na kuwa naye pale mtoto anapoanguka ni jambo jingine kabisa.

Huko Kongo wakati wa kufungwa masomo yalipelekwa kwa redio, na kipindi cha Okapi École cha Radio Okapi kiliwafaa wengi wenye betri. Redio hufundisha kunyambua vitenzi. Haiwezi kuona kwamba msikilizaji wake amekonda. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba shule, hata ile mbovu, hata ile yenye wanafunzi themanini darasani baada ya elimu ya msingi kufanywa bure Septemba 2019, ilikuwa ikimpa mtoto kitu ambacho hakimo katika mtaala wowote, nacho ni mtu mzima asiyekuwa wa nyumba yake, amjuaye kwa jina, amwonaye kila siku, na awezaye kutambua kwamba leo si kama jana. Kwa mtoto anayepigwa nyumbani, au binti anayefuatwa na mpangaji wa ua, mtu huyo alikuwa dirisha pekee.

Tarehe 10 Agosti 2020 walirudi wanafunzi wa madarasa ya mitihani, wa mwaka wa sita wa msingi na wa mwisho wa sekondari. Tarehe 12 Oktoba ukaanza mwaka mpya kwa wote. Kila shule ikatengeneza ndoo za maji na sabuni, barakoa zikashonwa kwa vitenge, wakaguzi wakaja kutazama ndoo. Mkaguzi aliyeitazama ndoo alitimiza wajibu wake, lakini angefanya jambo kubwa zaidi kama angeomba daftari la mwezi wa Machi na daftari la mwezi wa Oktoba, akayaweka pamoja juu ya meza, akapitisha kidole jina kwa jina. Majina yasiyokuwamo katika la pili ndiyo yaliyokuwa orodha ya wagonjwa wake: huyu yuko machimboni, huyu ameolewa, huyu ana mimba naye anaona haya, huyu amehamishiwa kwa babu yake kijijini kwa sababu baba hana kazi, huyu amekaa tu nyumbani, halali usiku, hataki kutoka. Wanne wa mwanzo wangeweza kuonekana na ofisa yeyote mwenye macho. Wa mwisho haonekani ila na mtu aliyekwenda kumwuliza.

Namna ya kwenda kumwuliza ni sanaa, nayo ndiyo ambayo mnasihi wa shule hana budi kuimiliki kuliko nadharia zote za vitabuni. Asiende na direkta wa nidhamu, maana nyumba nzima itajificha. Asianze kwa deni la ada wala kwa siku zilizopotea. Aende jioni, abishe hodi, aketi pale atakapoketishwa, aulize hali ya wazazi na ya wagonjwa, aseme, "Mama, nimekuja kumsalimu mwanafunzi wangu, hatumwoni," kisha anyamaze. Na kunyamaza huko, ambako mgeni mwenye haraka hawezi kukuvumilia, ndiko kutakakomfanya mama aanze kueleza. Atakalolisikia ni amana. Akilitoa katika chumba cha walimu, litakuwa sokoni kabla ya Jumapili, na mlango ule hautafunguka tena, wala mingine ya mtaa huo. Siri hiyo ina mpaka mmoja tu: mtoto akiwa katika hatari ya kudhurika au kujidhuru, mnasihi sharti aseme kwa mtu awezaye kumwokoa, tena amwambie mtoto mwenyewe kwamba atasema na atamwambia nani.

Kuna mahali Kolwezi ambapo kazi ya namna hii ilikuwa imekwisha kuzoeleka kabla ya korona. Watawa wa Mchungaji Mwema walifika mjini humo mwaka 2012, na mpango wao wa Bon Pasteur, ulioongozwa na Sista Catherine Mutindi, mzaliwa wa Kenya, ambaye mwaka 2019 alitunukiwa tuzo ya Opus, uliwatoa watoto machimboni kwa kuwapa kwanza chakula, mahali pa kucheza na masomo ya kuwarudisha katika kiwango chao, huku mama zao wakifundishwa kilimo na ushonaji ili nyumba isimhitaji mtoto kwa fedha. Msingi wa mpango huo ndio ninaoutazama: fadhaa ya mtoto haikutenganishwa na njaa ya nyumba yake. Mnasihi anayemwambia mtoto mwenye njaa avute pumzi polepole huenda ametenda jambo lisilo na dhara, ila hajamnasihi.

Zipo pia shida zipitazo uwezo wa mwalimu, na ni heri mwalimu azijue. Mwanafunzi asikiaye sauti zisizokuwapo, au aliyekwisha kujaribu kujitoa roho, ahitaji tabibu wa akili. Na kutoka Mutshatsha kituo kijulikanacho cha fani hiyo, kile cha Dokta Joseph Guislain cha Mabruda wa Upendo, kiko Lubumbashi, safari ya zaidi ya kilomita 400, ambayo gharama yake hushinda mapato ya mwezi ya nyumba nyingi. Kati ya mwalimu na Lubumbashi kuna nyumba za maombi, ambazo nyingine humfariji mgonjwa na nyingine humfunga kamba. Na mnasihi mwenye busara humjua kila mchungaji wa mtaa wake, ajue wa kumwomba msaada na wa kumwepusha mtoto naye.

Na mwalimu mwenyewe anasikilizwa na nani? Wako walimu wa Kongo waliofanya kazi miaka mingi bila kuingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali, wakiishi kwa kile walichochanga wazazi. Elimu ya bure ilipotangazwa mchango huo ulikatazwa katika shule za msingi za serikali, na korona ilipokuja hata wale wa sekondari na wa shule za watu binafsi, ambao bado waliishi kwa ada, walikosa ada kwa kuwa hapakuwa na wanafunzi. Mtu huyo alirudi darasani Oktoba akiwa na madeni dukani, na bila ya shaka naye alikuwa na mtu aliyemzika bila matanga. Tarehe 18 Desemba shule zikafungwa tena pamoja na amri ya kutotoka usiku, zikafunguliwa tarehe 22 Februari 2021. Kumtaka mwalimu wa namna hiyo abebe jitimai ya watoto themanini, bila kumpa hata saa moja kwa juma ya kukaa na wenzake wakaelezana waliyoyaona, ni kuomba maji katika mtungi mkavu.

Najua jawabu litolewalo: fedha hazipo. Basi tuzitazame fedha. Tarehe 25 Mei 2021, miezi mitatu baada ya watoto kurudi shule kwa mara ya pili, mgodi wa Kamoa-Kakula, ulio katika teritwari hiyo hiyo ya Mutshatsha, ulitoa mzigo wake wa kwanza wa shaba, na mwezi huo huo bei ya shaba duniani ilipita dola 10,000 kwa tani, zaidi ya mara mbili ya ile ya Machi mwaka uliotangulia. Sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018 inaagiza kwamba katika mrabaha wa madini, sehemu 15 katika 100 ziende kwa serikali za mitaa ambako madini yanachimbwa, na kwamba kila kampuni itenge isiyopungua sehemu 3 katika 1,000 za mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Fedha hizo hupangiwa kazi katika vikao vya machifu, wakuu wa sekta, wajumbe wa vijiji na watu wa kampuni, na orodha za vikao hivyo hufanana sana: madarasa, visima, zahanati, daraja, gari la wagonjwa. Ni vitu vyema vyote, na kila kimoja chaweza kuzinduliwa kwa utepe na kupigwa picha, jina la mfadhili likiandikwa ukutani. Mshahara wa mwalimu mmoja katika kila sekta, aliyepunguziwa vipindi, aliyefunzwa kwa miezi michache, mwenye baiskeli na daftari na ruhusa ya kutoka shuleni mchana kuwafuata wasioitikia, hauzinduliwi kwa utepe. Na mjumbe atakayesimama katika kikao kijacho kuuomba hana budi kwenda na yale madaftari mawili mkononi, la Machi na la Oktoba, ayasome kwa sauti mbele ya machifu na wahandisi, darasa kwa darasa.